Traka kwenye Hiace ya abiria: nyaya tatu, na ule wa nne unaozima injini

Swali: "Habari fundi. Nina Hiace ya petroli, gia za mkono, inayobeba abiria kati ya Busia na Kampala. Mwaka jana nilifungiwa traka ya GPS ili nijue gari liko wapi. Tangu hapo, kila Jumatatu alfajiri gari haliwaki mpaka tuazime betri, kwa sababu Jumapili huwa linapumzika. Mara mbili limezimika lenyewe njiani, moja ikiwa usiku ndani ya msitu wa Mabira, abiria wamejaa. Ramani nayo huniambia gari liko ng'ambo, Kenya, na mimi naliona limesimama mbele ya duka langu. Nimepata fundi mwingine wa kulifunga upya. Nimwambie nyaya ziende wapi? Na kile kitufe cha kuzima gari kwa simu, nibaki nacho?"

Jibu:

Dada yangu, poleni sana kwa ya Mabira. Naanzia hapo, kwa sababu betri kuisha nguvu ni hasara ya asubuhi moja, ila gari la abiria 14 kuzimika usiku kwenye barabara ya malori linaweza kuua watu. Kabla ya kitu kingine chochote, fundi aitoe rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme, ndiyo inayozima gari kwa amri ya simu) iliyofungwa pamoja na traka na aurudishe waya wa gari aliokuta umekatwa, uwe kama ulivyotoka kiwandani. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja. Gari lisirudi steji kabla haijafanyika. Traka yenyewe inaweza kungoja.

Sasa nikueleze ninachoshuku.

Rilei ya kawaida ya gari ina miguu mitano yenye namba. 85 na 86 ni za koili, yaani sumaku inayoamsha rilei. 30 ndio mlango ambao umeme wa gari unaingilia. Rilei ikiwa imelala, 30 imeshikana na 87a. Ikiamka, 30 inaiacha 87a na kushika 87. Fundi anayejua kazi yake huukata waya wa gari, ncha moja akaipeleka 30 na nyingine 87a. Kwa mpango huo rilei inalala muda wote gari likitembea, na huamka pale tu unapotuma amri ya kuzima. Traka ikifa, fyuzi yake ikiungua, laini yake ya simu ikiisha salio, injini haina habari.

Lakini wapo mafundi wanaotumia 87 badala ya 87a. Sababu yao ni kwamba mwizi aking'oa traka gari life hapo hapo. Maana yake ni kwamba rilei lazima ibaki macho ili injini iishi. Mtikisiko mmoja kwenye shimo, kiungo kimoja kilicholegea, traka kujizima na kujiwasha kwa sekunde mbili, na injini inakatika. Na kama koili imepewa moto (umeme wa upande wa chanya) wa moja kwa moja kutoka betri, inakula umeme usiku na mchana hata funguo ikiwa mfukoni mwa dereva. Gari kuzimika ovyo na betri kuisha Jumapili ni shida mbili ambazo kosa hili moja linaweza kuzichangia, ingawa kwa betri peke yake halitoshi, kama utakavyoona chini; ndiyo maana nalishuku kabla ya mengine. Fundi wako atalithibitisha kwa kugeuza rilei na kuangalia waya umechomekwa mguu gani.

Hata ikifungwa kwa 87a, bado kuna swali la waya gani wa gari ukatwe. Wengi hukata waya wa pampu ya mafuta, kwa sababu injini ya petroli bila pampu haifiki mbali. Kwenye gari binafsi watu wanabishana juu ya hilo. Kwenye gari la abiria mimi sibishani, nakataa. Injini ikizimika kwenye mwendo, usukani wenye msaada wa pampu unakuwa mzito ghafla, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu kabla hazijawa ngumu. Wewe uliyeshika simu Busia huoni kama dereva yuko kwenye mteremko, kama nyuma yake kuna tangi la mafuta, au kama anavuka reli. Baadhi ya vifaa, kama GT06N ya Concox, hukataa kutekeleza amri mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa na GPS iwe imeshika. Hiyo ni kinga nzuri, ila haimlindi mtu na rilei ya bei ya chee inayoruka yenyewe, na hilo ndilo ninaloshuku limekupata.

Kitufe baki nacho, ila kihamie kwenye stata. Rilei ikae kwenye waya mwembamba unaotoka swichi ya funguo kwenda kuamsha stata, tena kwa 30 na 87a. Hapo amri yako haiwezi kuizima injini inayozunguka. Inazuia tu isiwashwe tena ikishazimwa. Mwizi atafika mahali atazima, kwa mafuta au kwa kujificha, na hapo ndipo gari litamgomea. Najua utaniambia Hiace ya gia za mkono inasukumwa na kuwaka. Kweli, na kwa kundi la watu watatu hilo linawezekana. Lakini wakati wanasukuma, ramani inakuonyesha mahali walipo, na polisi unaweza kuwapa eneo kamili. Kati ya mwizi anayeweza kusukuma gari na abiria walioachwa gizani katikati ya barabara, uamuzi wangu ndio huo na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Ukinunua rilei mpya kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, au popote, soma ubavuni: iandikwe 12V na 40A, na mchoro wa miguu uonekane. Kwenye koili iwekwe dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ya namba 1N4007 inatosha, mstari wake mweupe ukielekea upande wa moto, isipokuwa kama rilei tayari ina yake ndani. Koili ikizimwa hurudisha mshtuko wa umeme, na mshtuko huo ukirudiwa mara nyingi huua mguu wa traka unaotoa amri. Hapo utaambiwa traka ni mbovu, na kumbe imeuliwa na rilei yako mwenyewe.

Nyaya tatu zinazobaki ni rahisi, mradi fundi asikariri rangi. Nyekundu karibu kila mara ni moto wa betri na nyeusi ni ardhi, yaani hasi, lakini ule wa swichi na ule wa kuzima hubadilika kila mtengenezaji: huyu chungwa, yule nyeupe, mwingine njano. Karatasi ya kifaa ndiyo inayosema.

Mwekundu unapewa moto wa kudumu, ule usiokatika funguo ikitolewa. Mara nyingi unapatikana kwenye waya mnene unaoingia swichi ya funguo au kwenye sanduku la fyuzi. Fyuzi ya ampia 2 iwekwe karibu kabisa na pale moto unapochukuliwa. Ikiwekwa upande wa traka, kipande chote cha waya kilicho kati kinabaki bila ulinzi; siku kikisuguana na chuma, kitaungua kabla fyuzi haijajua kuna jambo. Na kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo waya wowote usipitishwe karibu nayo kwa sababu tu ni njia ya mkato.

Mweusi ufungwe kwenye boliti ya bodi yenye chuma kitupu. Rangi ikwanguliwe kwanza. Usifungwe kwenye skrubu inayoshika plastiki, wala usiungwe kwenye ardhi ya redio, kwa sababu ardhi hizo za kuazima ndizo zinazofanya traka kujizima na kujiwasha bila sababu inayoonekana.

Waya wa swichi, unaoijulisha traka kama gari limewashwa, ndio unaowapotosha wengi. Fundi atafute kwa mita ya kupimia umeme waya ambao funguo ikitolewa unasoma sifuri, taa za dashibodi zikiwaka unasoma volti 12, na stata ikizunguka haupotei. Sharti hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Waya wa redio unatimiza mawili ya kwanza, kisha unakatika stata inapopigwa, na traka inahesabu safari moja kama mbili. Ila kosa hilo ni dogo kuliko la kutouunga kabisa: kuna vifaa vinavyotegemea waya huu kujua wakati wa kulala, na bila huo vinaendelea kutuma taarifa usiku kucha kana kwamba gari liko barabarani. Na nisisitize neno mita. Taa ya kupimia yenye balbu ya zamani inavuta umeme mwingi kuliko mifumo ya kompyuta ya gari inavyostahimili. Nyaya zenye soketi za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Huko hakuna mtu anayechomeka kitu chochote.

Nizungumzie viungo, kwa sababu kazi nyingi za traka zinafia hapo. Fungua kiungo cha fundi aliyekuwa na haraka na utakuta hivi: nyuzi za shaba zimesokotwa kwa vidole, zimezungushiwa tepu nyeusi, joto la dashibodi limelainisha gundi, na tepu yenyewe inateleza ukiigusa. Ndani, vumbi jekundu na maji ya kuosha gari vimeigeuza shaba kuwa kijani. Kiungo hicho kinapitisha umeme gari likiwa limesimama gereji, fundi anakuonyesha kwa mita kwamba kila kitu ni sawa, halafu barabarani kinakatika na kurudi. Mwambie fundi wako alehemu kwa risasi, avike mpira unaosinyaa kwa joto, kisha aufunge waya kwenye fungu la nyaya za gari kwa vibano vya plastiki ili uzito usining'inie kwenye kiungo. Kama hana kifaa cha kulehemu, viungio vya kubana vilivyobanwa kwa koleo lake maalumu vinafaa. Vile vya plastiki vinavyouma waya bila kuuchuna, mimi kwenye gari linalotikisika kila siku sivitumii.

Turudi kwenye betri, maana fundi anaweza kuifunga traka vizuri na bado ukakwama. Tuchukulie gari linasimama Jumamosi saa mbili usiku na kuwashwa Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, saa 33. Traka isiyolala ikila miliampia 40, saa hizo zote imekula ampia-saa 1.3 tu. Koili ya rilei iliyo macho ikila miliampia 150, hiyo ni 5 nyingine. Jumla haifiki 7. Betri nzima ya ampia-saa 70 haiwezi kushindwa kupiga stata kwa kupoteza sehemu ya kumi. Kwa hiyo ama kuna kitu kingine kinachonyonya, ama betri yako imezeeka na inabeba sehemu ndogo tu ya kilichoandikwa juu yake. Pima ikiwa imepumzika usiku mzima: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 karibu imekwisha. Injini ikiunguruma, kwenye vichwa vya betri pasomeke kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) haichaji vya kutosha, na lawama zote unazoitupia traka si zake.

Kumjua mnyonyaji, fundi afunge milango, aache gari litulie kama nusu saa, kisha apime umeme unaotoka betri funguo ikiwa nje. Chini ya miliampia 50 hakuna tatizo. Ikizidi, achomoe fyuzi ya traka aangalie namba inashuka kiasi gani, halafu aendelee na fyuzi za redio, kengele na taa za ndani, moja baada ya nyingine. Mtu asigeuze funguo mita ikiwa imeungwa hivyo. Fyuzi ya ndani ya mita itaruka.

Sasa hilo la gari kuonekana Kenya. Setilaiti za GPS ziko juu karibu kilomita 20,200, na mawimbi yake yakifika ardhini ni dhaifu mno. Yanapita kwenye plastiki na kioo, hayapiti kwenye chuma. Traka iliyofichwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kiti haioni setilaiti hata moja, na vifaa vingi vikikosa setilaiti hukisia kwa kutumia minara ya simu iliyo karibu. Busia, dada, wewe mwenyewe unajua: simu ukiwa dukani inashika mtandao wa Uganda, ukigeuka inashika wa Kenya. Traka ikikisia kwa mnara wa upande wa pili, gari linahamia ng'ambo kwenye ramani. Kuhamisha traka kunatosha. Ikae juu, chini ya plastiki ya dashibodi, uso wenye maandishi ukitazama mbingu, mbali na fremu ya chuma na jua la moja kwa moja, na isiguse mitambo ya usukani wala kanyagio. Ikiona anga vizuri, itakosea mita chache tu, si kilomita.

Na laini yake ifungiwe data za mtandao wa nje, kama gari halivuki mpaka, isije ikawa inakula salio kupitia mnara wa Kenya. Wanaokwenda Nairobi au Mombasa wafanye kinyume, waifungue. La sivyo kifaa kitahifadhi taarifa ndani na kuzimwaga zote kwa pamoja kikirudi Uganda.

(Walio barabara ya Masaka wana lao. Ikweta inapita Kayabwe, na kusini yake latitudo zinaandikwa kwa alama ya kutoa. Programu iliyopangwa vibaya ikipoteza alama hiyo, gari lililo Masaka linaonekana huko kati ya Mityana na Mubende. Hapo kifaa hakina kosa. Mwenye seva, yaani kompyuta inayopokea taarifa za traka, ndiye wa kurekebisha.)

Laini isajiliwe kwa kitambulisho chako cha taifa, isiwe kwa cha fundi. Aliyeisajili ndiye anayeweza kuirudisha ikipotea, na akitaka, kuihamishia kwake. Halafu badilisha nywila siku hiyo hiyo. Vifaa vingi vinatoka kiwandani na 123456. Julai 2022 kampuni ya usalama wa mitandao ya BitSight ilitangaza udhaifu mkubwa kwenye traka ya MiCODUS MV720, aina ndogo yenye umbo la rilei na uwezo wa kukata mafuta. Mtu wa mbali angeweza kuifuatilia na hata kuizimia gari. Kampuni hiyo ilikadiria kwamba vifaa vya MiCODUS milioni 1.5 vilikuwa vikitumika katika nchi 169. Kama traka yako ni MV720, usimlipe fundi kuifunga upya. Nunua nyingine, na uliza kama imeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Wenye malori wananisoma pia, kwa hiyo neno moja kwao. Fuso Fighter ni volti 24, betri mbili zimeunganishwa mfululizo. Nimekuta traka ya volti 12 imechukua moto wake kwenye kiungo kilicho kati ya betri hizo mbili, kwa hoja kwamba hapo ndipo penye 12. Betri ya upande wa ardhi inanyonywa peke yake, ile ya pili inachajiwa kupita kiasi, na zote zinakufa mapema. Nunua traka inayokubali volti 9 hadi 36 na uiunge kwenye 24 kamili, na rilei iwe ya 24V. Ile mihuri ya kielektroniki ya mamlaka za forodha kwenye kontena za transiti haihusiani na traka yako, isiguswe.

Siku ya kukabidhiwa, simama na fundi, simu mkononi. Zima funguo, uone ramani inaandika gari limezimwa. Washa, iandike limewashwa. Chomoa fyuzi ya traka: ndani ya dakika moja au mbili upate taarifa kwamba umeme umekatwa, maana yake betri ya ndani iko hai. Tuma amri ya kuzuia stata injini ikiwa inaunguruma, na injini iendelee kuunguruma. Zima, jaribu kuwasha, ikatae. Ondoa amri, iwake. Halafu fundi akuchoree kwenye karatasi kila waya ulipoungwa, pamoja na rangi ya waya wa gari alioukata. Karatasi hiyo ikae nyumbani pamoja na kadi ya gari, isikae ndani ya gari.

Mwisho, dereva wako aambiwe kwamba gari lina traka, linaonyesha nini, na nani anaona. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inahusu taarifa za mtu, na mwendo wa dereva wako ni taarifa zake. Pia dereva anayejua ndiye atakayekupigia siku ile taa ya dashibodi ikianza kucheza, badala ya kwenda kwa fundi wa njiani akatafutiwe "ugonjwa". Kama kifaa kina waya wa kipaza sauti wa kusikiliza ndani ya gari, usiungwe. Maneno ya abiria wako hayakuhusu. Fundi aukate mfupi, azibe ncha, auache hapo.